Mbwa Aliyebaki Kwenye Duara



Likizo iliyopita tulikuwa waseminari watatu katika kigango kimoja mkoani Geita, tukisaidia mafundisho ya komunyo ya kwanza na ibada za mazishi. Mojawapo ya mazishi hayo lilikuwa la mvulana wa miaka tisa. Wiki kadhaa kabla yake aling'atwa mguuni na mbwa. Kidonda kilikuwa kidogo, kikapakwa dawa ya majani, kikafunga. Aliposhindwa kumeza maji wapo waliosema amerogwa. Alipofikishwa hospitali hapakuwa na la kufanya, kwa maana kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili ni kama hakuna anayepona. Tuliimba, tukazika. Kesho yake vijana walipeleka nyama yenye sumu kwenye machimbo ya zamani, wakaua mbwa zaidi ya kumi. Hakuna mtu mzima aliyewazuia, na sisi tuliovaa kanzu jana yake hatukusema neno. Tunaandika kwa sababu ya ukimya huo.

Mbwa wale walitoka wapi? Anayejua maisha ya wachimbaji wadogo, iwe Nyarugusu, Rwamgasa au Mwakitolyo, analo jibu. Ikisikika rashi, watu huhamia kwa siku chache: maturubai, mama lishe, karasha, mialo ya kuoshea. Mawe yanayolala nje usiku yanataka mlinzi, na mlinzi wa bei ya chini kuliko wote ni mbwa. Anakula ukoko wa ugali, analala juu ya viroba, anabweka. Dhahabu ikikata, maturubai yanakunjwa, karasha inapakiwa kwenye Fuso, na mbwa anabaki pembeni ya duara akiangalia vumbi. Miezi miwili baadaye anaitwa mbwa koko, kana kwamba alizaliwa na jalala.

Tumesikia wanaosema dawa ni kujenga makazi ya wanyama waliotupwa, kama yalivyo Ulaya. Hatuwabezi. Kule Usa River, mkoani Arusha, Mbwa wa Africa wanafanya kazi hiyo, na mbwa wanaookolewa pale ni hai. Lakini kwenye ukanda wetu wa dhahabu, ambako kambi huzaliwa na kufa ndani ya msimu mmoja, tunaona banda la namna hiyo lingejaa kabla bati la mwisho halijapigwa msumari. Na likijaa, kinachofuata ni sindano ya kuua badala ya nyama ya sumu. Kwetu kilichopotea ni mwenye mbwa. Banda haliwezi kumrudisha.

Sumu nayo haisaidii, hata tukiacha habari ya huruma kwa dakika moja. Ukiua mbwa wa mtaa leo, chakula kilichokuwa kikiwalisha kinabaki jalalani, na mbwa wengine wanakuja kukifuata, hawajachanjwa, hawajulikani. Zaidi ya hapo, sumu haichagui: humwua pia yule aliyechanjwa, ambaye alikuwa ukuta kati ya ugonjwa na watoto. Wataalamu wanakubaliana kwamba kinachozima kichaa cha mbwa ni kuchanja mbwa wapatao 70 katika kila 100, tena kwa kurudia. Hatuhitaji kwenda mbali kuthibitisha. Wilayani Serengeti, mkoani Mara, mbwa wa vijijini walichanjwa kwa kampeni zilizoanza 1996. Ugonjwa ulishuka kwa mbwa, na watu walioumwa na mbwa wanaoshukiwa kuwa na kichaa wakapungua. Wafugaji wale ni majirani zetu, na mbwa wao ni wa aina ile ile ya hapa.

Kuna swali ambalo tumeulizwa hata mezani seminarini: watoto wanakosa dawa, ninyi mnahangaika na mbwa? Ni swali la haki. Katekisimu yenyewe, namba 2418, inasema haifai kutumia kwa wanyama fedha ambazo kwanza zingepaswa kupunguza taabu za watu. Tunaikubali yote. Ila msomaji asiachie hapo, kwa sababu namba hiyo hiyo inaanza kwa kusema kuwatesa wanyama au kuwaua bila sababu kunapingana na hadhi ya binadamu. Na kwenye kichaa cha mbwa mizani haina pande mbili. Dozi moja ya mbwa ni ya bei ndogo sana ukilinganisha na sindano zote anazohitaji mtu mmoja aliyeng'atwa, sindano ambazo mara nyingi hazipo kwenye zahanati ya karibu. Yule mvulana angeweza kuokolewa na chanjo ya mnyama ambaye hakuwa hata wa kwao.

Mkoa wa Shinyanga unajua habari ya punda. Palikuwa na machinjio yao hapa, ngozi zikienda China kutengenezewa dawa ya asili. Wenye punda walilalamika, na Februari 2024, mjini Addis Ababa, viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kupiga marufuku biashara hiyo ya ngozi. Tunashukuru. Lakini tujiulize kwa nini punda alipata watetezi mpaka huko: anabeba maji, anabeba mahindi, ana bei. Mbwa wa duara hana bei, kwa hiyo hana wakili.

Darasani tumemsoma Immanuel Kant, aliyefundisha kwamba mtu anayempiga risasi mbwa wake kwa kuwa amezeeka hamkosei mbwa, bali anauharibu utu wake mwenyewe. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alikuwa ameshasema jambo la karibu na hilo: ukatili kwa mnyama huzoesha mkono kumkatili mtu. Ni kweli, tuliwaona wale vijana wakicheka. Hata hivyo tunadhani hoja hiyo inaishia njiani. Kanisa linasema wanyama ni viumbe vya Mungu, na tunawawia wema. Kitabu cha Tobiti kinaona vema kumtaja mbwa aliyefuatana na Tobia na malaika Rafaeli safarini, na kumtaja tena wakirudi. Mbwa yule hakuachwa Media.

Basi tunaomba nini? Watu wetu wanajua kujipanga. Sungusungu lilianzia huku kwetu Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa ajili ya ng'ombe walioibwa, bila kusubiri mtu wa mbali. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni 28 Septemba, na sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi ni 4 Oktoba. Ndani ya juma hilo kila kigango kimwalike afisa mifugo wa kata, na jumuiya zichangie mafuta ya pikipiki na barafu ya kutunzia chanjo. Na mwenye duara anayeandikisha wachimbaji wake aandikishe na mbwa. Siku ya kuhama, mwenyekiti wa kitongoji amuulize wako wapi. Katekesi nayo iwafundishe watoto kwamba aliyeng'atwa anaosha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha anakwenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni mkwaruzo tu.

Likizo ijayo tutarudi kigango kile kile. Mwenyekiti wa jumuiya, mama mmoja mwenye mbwa wawili, ameshatuambia kwamba watu hawatakataa. Shida itakuwa kamba, kwa sababu mbwa wengi pale hawajawahi kufungwa. Tumewaagiza watoto wa Utoto Mtakatifu waanze kusokota.