"Kubwa Kushinda" Si Kosa, na Sitaomba Msamaha

Wasee, leo naandika nikiwa nimekasirika, kwa hivyo mnivumilie nikipandisha sauti.

Mdogo wangu yuko Gredi ya 8. Juzi alileta insha nyumbani, na katikati ya ukurasa kulikuwa na duara la kalamu nyekundu. Sentensi yenyewe ni hii: "Nyumba ya nyanya ni kubwa kushinda yetu." Neno "kushinda" limezungushiwa, na kando kumeandikwa "Sheng!" Alama moja imeenda, sawa, hiyo si shida. Shida ni kwamba sentensi ilisomwa mbele ya darasa, watu wakacheka, na sasa huyu mtoto ambaye huwa hanyamazi anajibu "ndio" na "hapana" tu. Nikamuuliza nini mbaya. Akasema yeye hajui Kiswahili.

Hebu fikiria. Mtoto wa Makindu, ambaye kila Jumamosi anamsaidia mamangu kuuza maembe stejini, anaongea na madereva wa malori, makanga na abiria wa Mombasa, na wote wanamwelewa na kulipa. Huyo ndiye anasema hajui Kiswahili.

Sasa tuongee.

Mnajua nilitoka chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo siku hizi hakuna anayenipa mtihani. Najifunza ninachopenda. Usiku huwa nasoma Kihispania kwa simu. Ilianza na La Liga, nikitaka kusikia watangazaji wanasema nini, na sasa imeniingia. Ilitokea tu kwamba wiki hiyo ya duara jekundu nilikuwa kwenye somo la kulinganisha vitu. Mfano wa kwanza niliojitungia ulikuwa wa maembe, kwa sababu ndiyo tunakula huku: "Este mango es más dulce que ese." Embe hili ni tamu kuliko hilo.

Angalia vile inafanya kazi. "Más" ni zaidi. "Dulce" ni tamu. "Que" inasimama pale tunapoweka "kuliko". Ukitaka kusema yanalingana, ni "tan dulce como". Rahisi. Halafu kuna maneno manne makaidi ambayo hayataki "más": mejor, peor, mayor na menor. Ukisema "más mejor", mwalimu wa Kihispania atakuzungushia duara pia. Lakini sikiza, atakupa sababu. Atakwambia "mejor" tayari ina "zaidi" ndani yake, kwa hivyo unaongeza sukari kwenye asali.

Shika hapo kwa sababu: kosa la kweli lina maelezo. Tutarudi.

Nikauliza, haya maneno manne yalitoka wapi? Yalitoka Kilatini, mama yake Kihispania. Kilatini kilikuwa kinabadilisha mkia wa kivumishi. Mrefu ni "altus", mrefu zaidi ni "altior". Watu wa kawaida, wakulima, askari na wachuuzi wa soko, wakaachana na ile mikia. Wakachukua neno "magis", maana yake zaidi, wakaliweka mbele ya karibu kila kivumishi. "Magis" ndiyo ikawa "más". Mikia ya zamani imebaki kwenye maneno machache, kama hayo manne.

Umeona kilichotokea? Wale watu "waliharibu" Kilatini. Leo huo "uharibifu" unaitwa sarufi ya Kihispania, una vitabu, na mimi nakesha Makindu nikiusoma kwa heshima. Na usiniambie neno moja haliwezi kufanya kazi mbili. "Que" ya Kihispania inafanya kazi ya "kuliko", ya "kwamba" na ya "amba-", na hakuna Mhispania amepotea njia.

Sasa rudi nyumbani. Kiswahili hakijawahi kuwa na mikia ya kulinganisha. "Kubwa" inabaki "kubwa" hata ikilinganishwa na mlima. Tunachofanya ni kuleta neno lingine la kusaidia. Tunasema "kubwa kuliko", "kubwa zaidi ya", au tunaleta kitenzi: kuzidi, kupita, kushinda. Ukivunja "kuliko" yenyewe unapata ku-li-ko, yaani mahali ambapo kitu kipo. Neno la mahali ndilo lilipewa kazi ya kulinganisha, na hakuna aliyelizungushia duara.

Na sisi pia tuna mejor zetu. "Afadhali" ilitoka kwenye neno la Kiarabu, afdal, ambalo huko tayari linamaanisha bora zaidi. Kwa hivyo ukisema "afadhali zaidi", umefanya kosa lilelile la "más mejor", na mwalimu akinisahihisha hapo nitanyamaza. Ameniambia sababu.

Lakini sababu ya kukataa "kushinda" ni gani?

Wanasema ni Sheng. Edward Steere, mmishonari Mwingereza, alichapisha kitabu cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja mwaka wa 1870. Mle ndani, kwenye kulinganisha, kuna "kuliko" na pia kuna kitenzi "kupita". Nairobi haikuwepo hata kama kituo cha reli, sasa hiyo Sheng ilitoka wapi? Kupita mtu kwa urefu na kumshinda kwa urefu ni fikra ileile. Nenda Lubumbashi utasikia "kupita". Nenda Kampala, kwa Kiganda utasikia "okusinga", na maana yake ni kushinda. Mwanaisimu Leon Stassen alitoa kitabu mwaka wa 1985 akilinganisha vile lugha zaidi ya 100 duniani zinavyolinganisha vitu. Mojawapo ya njia kuu alizoorodhesha ni hii ya kitenzi cha kuzidi, na imejaa Afrika kusini mwa Sahara. Hata Asia ya Kusini-Mashariki iko.

Kwa hivyo mdogo wangu hakuandika Sheng. Aliandika kwa njia ambayo Waafrika wanalinganisha vitu kutoka zamani.

Wanasema inachanganya, eti kushinda ni kupata ushindi, na pia ni kukaa mahali mchana kutwa. Haya, nionyeshe mtu mmoja aliyesikia "nyumba ya nyanya ni kubwa kushinda yetu" akadhani nyumba zilikuwa kwenye mashindano. Mmoja tu.

Ukweli ni huu: hakuna sababu. Kuna aibu tu. Sisi wa Ukambani tumeipata pande zote mbili. Mombasa wanatuambia Kiswahili chetu ni cha bara. Nairobi wanaiga vile tunatamka, wanacheka. Na tuko katikati ya hiyo barabara, kwa mji ambao umeishi kwa kuongea na wapita njia. Gurdwara yetu ilijengwa 1926 na mpaka leo inalisha wasafiri bure. Kaa pale saa moja usikize. Singasinga, dereva wa lori, mama wa Kikamba na familia inayoenda Pwani, kila mmoja ana lugha yake ya nyumbani, na kinachowakutanisha pale mezani ni Kiswahili. Hicho ndicho mnaita kibovu?

Najua kuna mtu atakuja kuniambia, "Kwa hivyo kila mtu aandike anavyotaka?" Hapana, usinilishe maneno. Kiswahili sanifu kina kazi. Ndicho kinafanya mtu wa Lamu na mtu wa Kigoma wasome gazeti moja. Mtihani ukitaka "kuliko", andika "kuliko", chukua alama zako uende. Mwalimu angesema hivi: "Hili neno tunalisema, ni letu, lakini kwenye insha tumia kuliko." Sentensi moja, sekunde kumi. Mtoto angetoka na maneno mawili badala ya kupoteza lile alilokuwa nalo.

Na simlaumu huyo mwalimu peke yake. Naye alizungushiwa duara akiwa mdogo, hakuambiwa sababu, akabeba kalamu nyekundu mbele. Ndiyo maana tuna vijana ambao wakipewa maikrofoni wanakimbilia Kiingereza. Si kwamba Kiingereza chao ni kizuri kushinda Kiswahili chao. Ni kwamba kwa Kiswahili wanaogopa kuchekwa. Mtu akiogopa kuongea lugha, anaiacha, na watoto wake hawataipata kabisa.

Kesho ni Jumamosi. Nitamwambia mdogo wangu hii hadithi ya altus na altior tukiwa stejini tunapanga maembe. Halafu basi likisimama, nitakaa kando nimwache aite wateja mwenyewe: "Chukua hii mama, ni tamu kushinda hiyo."

Na wewe je, neno gani lako lilizungushiwa duara? Andika hapo chini. Na useme kama uliambiwa sababu.