Mashauri kwa jamaa: Kompyuta mbili zisizosikilizana

Katika nyumba nyingi za miji yetu hakuna tena kompyuta moja tu. Baba mwalimu anayo yake, ambamo huandika masomo na hesabu za nyumba. Kijana asomaye chuo kikuu anayo yake, pengine imenunuliwa ikiwa imekwisha tumika. Zote mbili zapata waifai ya ruta moja, iliyowekwa juu ya kabati. Siku moja baba asema: «Mwanangu, picha za arusi ya dada yako zimo katika kompyuta yangu. Zichukue, uzipange vizuri.» Mtoto aenda chumbani mwake, afungua kompyuta, atafuta, haoni kitu. Au aona jina la kompyuta ya baba, lakini akibonyeza aambiwa: «Accès refusé», yaani hana ruhusa ya kuingia.

Hapo ndipo kelele huanza. Baba asema mtoto hajui kazi, mtoto asema kompyuta ya baba ni mbovu. Mwishowe watu hutafuta njia za mzunguko. Wengine hutuma picha kwa intaneti: picha zavuka bahari, zarudi chumba cha pili, na jamaa walipia mega mara mbili, za kwenda na za kurudi. Wengine hubeba faili kwa flashi huku na huku, hata mwisho kuna nakala tatu za andiko moja, wala hakuna ajuaye iliyo ya kweli. Wengine tena, kwa hasira, hufungua kila mlango na kuondoa kila ulinzi, wakisema: «Sasa itaona tu!» Hao wa mwisho ndio wenye hatari kuliko wote, nasi twaandika hasa kwa ajili yao.

Jambo la kwanza la kushika ni hili: kompyuta mbili za nyumba moja hazina haja ya intaneti ili zipeane faili. Ruta yenyewe yatosha. Hata mega zikiisha, hata kampuni ya intaneti ikikata laini, mradi ruta ina umeme, faili zaweza kupita kutoka chumba hata chumba bila kulipa faranga moja.

Jambo la pili: kompyuta itakayo faili ni kama mgeni. Yampasa kuwa na njia, kuiona nyumba, kupiga hodi, kusema yeye ni nani, kisha kuonyeshwa chumba anachoruhusiwa kuingia. Mgeni akikwama, tuulize amekwama mahali gani. Anayetafuta kosa bila kufuata utaratibu hugusa mambo ishirini, naye hajui lipi lililoharibika kwanza na lipi aliloliharibu mwenyewe.

Basi, tuanze na njia. Je, kompyuta zote mbili ziko macho? Kompyuta iliyolala usingizi kwa kuweka akiba ya umeme haimjibu mtu. Je, zote mbili zimeshika mtandao mmoja? Ruta nyingine hutoa waifai mbili, ya wenyeji na ya wageni, na ile ya wageni imefanywa kusudi isiweze kuonana na kompyuta za nyumbani. Ili kuhakikisha, fungueni katika kila kompyuta lile dirisha jeusi liitwalo «Invite de commandes», mkaandike ipconfig. Tafuteni mstari wa «Adresse IPv4». Kwa kawaida mtaona namba kama 192.168.1.20 katika kompyuta moja, na 192.168.1.35 katika nyingine. Zikifanana mwanzo hivyo, kwa kawaida ziko katika mtaa mmoja. Lakini namba ikianza na 169.254, kompyuta hiyo haikupewa anwani na ruta, nayo imejipa yenyewe. Basi kosa liko kwenye waifai au kwenye waya. Rekebisheni hapo kwanza, msihangaike na mengine.

Baada ya njia, tutazame kama nyumba yaonekana. Windows hugawa mitandao namna mbili: «Réseau public», ule wa mahali pa watu wengi, na «Réseau privé», ule wa nyumbani. Kompyuta ikiingia katika waifai mpya, mara nyingi huihesabu kuwa ya watu wote, nayo hujificha. Hufanya vema, kwa maana haijui kama iko sebuleni mwa baba au katika hoteli. Ninyi wenyewe ndio mnaojua. Katika mipango ya mtandao, chagueni «Réseau privé» kwa waifai ya nyumbani peke yake. Kisha, katika mipango ya kushirikiana, washeni «Découverte de réseau» pamoja na «Partage de fichiers et d'imprimantes». Fanyeni hivyo katika kompyuta zote mbili. Nanyi vijana mnaochukua kompyuta zenu chuoni, msiwashe mambo hayo kwa waifai ya huko.

Ikiwa kompyuta bado haionekani, msikate tamaa, iiteni kwa namba yake. Fungueni dirisha la faili, na juu kabisa, mahali pa anwani, andikeni mistari miwili iliyolala nyuma, kisha namba, hivi: \\192.168.1.20. Ikifunguka, furahini, kwa maana njia ni nzima, na kosa ni la majina tu. Kompyuta huitana majina ili zionekane katika orodha, nayo orodha hiyo huchelewa na hukosea mara nyingi. Mtu aweza kuishi miaka bila orodha, akiita kwa namba. Ila ruta hutoa namba kama ya kuazima, na kesho yaweza kubadilika. Ndiyo sababu yafaa kuingia katika mipango ya ruta na kuiwekea kompyuta ya baba namba isiyobadilika.

Sasa mgeni amefika mlangoni, naye aulizwa: «U nani?» Hapa ndipo sisi wenyewe tulipopoteza jioni nzima. Kila asubuhi twafungua kompyuta yetu kwa tarakimu nne. Basi tulipoulizwa neno la siri tukiwa kwenye kompyuta ya pili, tuliandika tarakimu zile zile, mara kumi, hata tukadhani kompyuta imerogwa. Kumbe tarakimu zile ni za kufungulia kompyuta ile moja tu, wala hazipiti katika mtandao. Linalotakiwa ni neno la siri lenyewe la mwenye kompyuta, lile tuliloliandika siku ya kwanza na kulisahau. Tena, mtu asiyewekewa neno la siri lolote, kwa kawaida Windows haimkubali aingie kwa njia ya mtandao. Ndiyo maana baba asemaye: «Mimi sina neno la siri, mbona mtoto aulizwa?» hapati jibu. Dawa nzuri ni hii: katika kompyuta ya baba, mfungulie mtoto jina lake mwenyewe, lenye neno lake la siri. Hivyo kila mtu aingia kwa jina lake, wala baba halazimiki kutoa siri yake.

Mgeni amekubaliwa, lakini chumba kimefungwa. Hapo mjue kwamba folda ina kufuli mbili. Bonyezeni folda kwa kitufe cha kuume, fungueni «Propriétés», nanyi mtaona ukurasa wa «Partage» na ukurasa wa «Sécurité». Wa kwanza wasema nani aweza kuingia kwa mtandao, wa pili wasema nani aweza kuigusa folda kwa vyovyote. Kufuli hizi mbili zikipingana, iliyo kali ndiyo itawalayo. Mzazi aliyefungua moja akasahau ya pili atashangaa siku nyingi. Nanyi mtaona hapo jina «Tout le monde». Maneno hayo hayasemi «watu wote wa nyumba yetu», yasema watu wote. Ondoeni jina hilo, andikeni mahali pake jina la mtoto. Kama ni kutazama picha tu, mpeni ruhusa ya kusoma, si ya kubadili.

Liko bado kosa moja, lile la umri. Kompyuta hupeana faili kwa lugha iitwayo SMB, iliyoanza katika kampuni ya IBM miaka ya 1980. Lugha hiyo imebadilika mara nyingi. Windows XP yajua ile ya kwanza tu, na ile ya kwanza ina upenyo mbaya. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kiitwacho WannaCry kilipita katika upenyo huo, kikafunga faili za watu na kudai fedha. Kilienea katika nchi zaidi ya 150, hata hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa nyumbani. Dawa yake Microsoft ilikuwa imekwisha itoa tangu Machi mwaka ule, lakini wengi hawakuiweka. Tangu mwishoni mwa 2017 Microsoft ilianza kuiondoa lugha hiyo ya kwanza katika Windows. Basi kompyuta ya zamani ikishindwa kusemezana na mpya, msimsikilize fundi awaambiaye: «Nitairudisha lugha ya zamani, na mambo yatakwisha.» Afadhali kuhamisha faili za kompyuta ile mara moja kwa flashi iliyokaguliwa, na kuipumzisha. Au iwekeeni Linux yenye programu ya Samba, iliyoanzishwa na Andrew Tridgell huko Australia: hiyo yasema lugha ya SMB mpya, nayo haiuzwi, hutolewa bure.

Vilevile, mkiona mashauri ya zamani yanayotaja «Groupe résidentiel», yaacheni. Kitu hicho kilikuja na Windows 7 mwaka 2009, kikaondolewa katika Windows 10 mwaka 2018. Wengi wapoteza siku wakikitafuta mahali kisipokuwapo. Na Windows 11 Pro ya toleo la 24H2, lililotoka 2024, yakataa kuingia mahali panapopokea wageni bila neno la siri. Hilo si ubovu, ni busara.

Tumekuja sasa kwenye ule ulinzi uitwao kwa Kifaransa «pare-feu». Ni kweli kwamba pengine ndio uzuiao faili zisipite, hasa ikiwa mmeweka programu nyingine ya kupinga virusi. Lakini tuungame kosa letu. Mara moja tuliuzima «kwa dakika tano tu, kujaribu». Faili zikapita, tukafurahi, tukaenda kula. Tulikuja kukumbuka baada ya majuma matatu, nayo kompyuta ilikuwa imetembea pamoja nasi katika waifai nyingi za watu. Tangu hapo tumejiwekea sheria: ulinzi hauzimwi, bali huruhusiwa jambo moja, yaani kushirikiana faili katika mtandao wa nyumbani. Mwenye nyumba akitaka kumkaribisha mgeni mmoja habomoi ukuta, hufungua mlango.

Tena, enyi wazazi, msishirikishe kompyuta nzima. Fanyeni folda moja, iiteni «Jamaa», wekeni humo picha, vitabu vya shule na yale yaliyo ya wote. Barua zenu, hesabu za fedha na mitihani isiyofanywa bado vikae nje yake.

La mwisho ndilo zito kuliko yote. Faili inayofutwa kwa njia ya mtandao kwa kawaida haiendi katika kile kikapu cha takataka ambamo mwaweza kuiokota tena. Imepotea. Mtoto aliyepewa ruhusa ya kubadili, akifuta kwa bahati mbaya picha ya pekee ya bibi aliyekwisha fariki, hakuna fundi atakayeahidi kuirudisha. Nacho kirusi kikiingia katika kompyuta ya mtoto, chaweza kuharibu pia folda ya baba iliyofunguliwa kwake. Kushirikiana si kuhifadhi. Basi, nakili vitu vyenu vya thamani katika diski ya pekee, kisha ichomoeni, muiweke kabatini.

Kwa kumaliza, mkikutana na shida hii, ulizeni kwa utaratibu: Je, njia ipo? Je, nyumba yaonekana? Je, yaitika kwa namba? Je, mgeni amejitaja kwa neno lake la siri? Je, kufuli zote mbili zimemruhusu? Je, lugha yao ni moja? Badilini jambo moja tu kila mara, mkaandike katika daftari mlilobadili. Kaeni pamoja, baba kwenye kompyuta moja, mtoto kwenye nyingine, mkiambiana mnachokiona. Mara nyingi mtoto ndiye atakayejua mahali pa kubonyeza, na mzazi ndiye atakayejua mlango upi usifunguliwe. Wakisikilizana wao kwanza, kompyuta nazo hazitakawia.