Haki ya Rubani wa Kampuni

Wako watu ambao mavazi yao huficha dhiki yao. Rubani wa ndege ya kampuni ni mmoja wao. Amwonaye uwanjani, mistari ya dhahabu iking'aa mabegani, akimkaribisha tajiri wake ndegeni, hudhani kuwa mtu yule ameishika dunia kwa mpini. Ukweli ni kwamba mpini umo mkononi mwa mwingine, na yeye ameshika makali.

Msomaji asimchanganye rubani huyu na yule wa shirika la abiria. Shirika la abiria huuza tikiti. Ndege ndiyo biashara yake. Kampuni iundayo motokaa au ichimbayo mafuta hununua ndege ili kuwachukua wakuu wake. Kwake ndege ni gharama, na siku ya dhiki mara nyingi gharama hiyo huwa ya kwanza kukatwa, pamoja na watu waliokuwa wakiirusha ndege hiyo. Twasema kuwa kuwaachisha marubani hawa kazi ghafula, bila taarifa ya kutosha wala malipo ya haki, ni dhuluma. Na tena ni hatari kwa tajiri mwenyewe.

Mfano mkubwa ulitokea Marekani. Mwezi wa Novemba 2008 wakuu wa General Motors, Ford na Chrysler walikwenda Washington kuliomba Bunge msaada wa dola bilioni 25. Kila mmoja alisafiri kwa ndege yake ya peke yake. Wabunge waliwakemea, na kemeo lile lilikuwa la haki, kwani mwombaji hajipambi kwa dhahabu. Mwezi uliofuata walirudi Washington kwa motokaa. Ford ilitangaza kwamba itauza ndege zake 5, na General Motors ikatangaza kuacha kabisa kuendesha ndege zake.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Rubani hakuiagiza safari ile; alitumwa akaenda. Hakuunda motokaa zilizokosa wanunuzi, wala hakukopa fedha zilizoshindwa kulipika. Lakini kazi yake ndiyo iliyotolewa kafara ili hasira ya watu itulie.

Watetezi wa matajiri hujibu kwa hoja mbili. Kwanza husema kuwa kampuni yenye hasara haina budi kupunguza gharama. Hilo hatulikatai. Ndege ni mali ya kampuni, na mwenye mali huuza apendapo. Lakini mtu hauzwi pamoja na ndege, wala hatupwi kwa sababu ndege imeuzwa.

Pili husema kuwa fundi hakosi kazi. Hoja hii hutolewa na wasioijua kazi yenyewe. Rubani wa jeti huruhusiwa kurusha aina ile tu ya ndege aliyofunzwa na kutahiniwa. Akipata nyingine, sharti afunzwe na kutahiniwa upya, kwa gharama kubwa. Akikimbilia shirika la abiria, huko cheo hufuata tarehe ya kuingia kazini, naye huanza mkiani hata akiwa na saa elfu kumi za angani. Tena sheria ya Marekani humtaka rubani wa mashirika hayo astaafu atimizapo miaka 65. Mtu wa miaka 60 aanze mkiani ili afike wapi?

Sheria za kazi nazo hazimfai sana. Karibu majimbo yote ya Marekani humruhusu mwajiri kumwachisha mtu kazi wakati wowote bila kutoa sababu, isipokuwa mkataba umesema vingine. Sheria ya mwaka 1988 huzitaka kampuni kubwa kutoa taarifa ya siku 60 kabla ya kufunga sehemu ya kazi, lakini huhesabu watu 50 au zaidi wanaopoteza kazi mahali pamoja. Kikosi cha marubani sita hakifiki hesabu hiyo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 ina utu zaidi: mwajiri anayepunguza watu hutakiwa kutoa taarifa isiyopungua mwezi mmoja, na kulipa ujira wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliotimia kazini. Kama nchi yetu imeweza kuandika hivyo, taifa tajiri lashindwaje?

Sasa tuitazame hatari. Tarehe 29 Machi 2001 ndege ya kukodi ilianguka karibu na uwanja wa Aspen, Colorado, ikijaribu kutua jioni yenye theluji. Watu wote 18 waliokuwamo walikufa. Wachunguzi wa serikali waliwalaumu marubani kwa kushuka mno bila kuuona uwanja. Lakini katika sababu zilizochangia walitaja shinikizo la mteja aliyetaka ndege itue. Ndege ile haikuwa ya kampuni ya namna tuliyoieleza, lakini funzo lake linazihusu zote. Rubani aliyeshika makali huona uzito kumwambia mwenye fedha, "Hapana, leo haturuki." Neno hilo moja ndilo huokoa roho za wote, na tajiri hulinunua kwa kumhakikishia rubani kazi yake.

Basi mkataba wa kila rubani wa kampuni uandikwe taarifa ya miezi kadhaa, malipo ya kuachishwa, na ahadi kwamba hatafukuzwa kwa kukataa safari ya hatari. Ninyi vijana, wengine wenu mtakuwa marubani na wengine mtakuwa waajiri. Atakayekuwa rubani adai maneno hayo kabla ya kutia sahihi; atakayekuwa mwajiri ayaandike kabla ya kudaiwa.