Kalamu Nyekundu na Hoja Isiyojibiwa

Katika makongamano yetu ya Kiswahili halipiti kongamano bila mtu kusimama na kulalamika kwamba wanafunzi wa siku hizi hawahakiki bali husimulia. Kwamba tasnifu za uzamili zinafanana kama pacha. Kwamba kila tasnifu huorodhesha maudhui, wahusika na mbinu za lugha, kisha hufunga virago. Malalamiko haya yana ukweli. Hata hivyo, ni nadra kumsikia mlalamikaji akijiuliza alimwandikia nini mwanafunzi huyo pambizoni mwa insha yake ya kwanza, ya pili na ya kumi. Makala haya yanadai kwamba sisi wahadhiri wa fasihi tumekuwa tukisahihisha Kiswahili cha mwanafunzi na kuiacha hoja yake bila jibu, na kwamba udumavu wa uhakiki tunaoulalamikia umeanzia hapo.

Tuitazame insha ya kawaida inaporejeshwa kwa mwenyewe. Viambishi vya ngeli vimezungushiwa duara jekundu. 'Dhamana' imefutwa, ikaandikwa 'thamani'. Koma zimeongezwa, nyingine zimeondolewa. Mwishoni pana alama na neno moja: 'Wastani', 'Jitahidi', au lile tulipendalo kuliko yote, 'Fafanua'. Afafanue nini? Kwa ajili ya nani? Na aifafanue lini, ilhali alama imekwisha kutolewa na insha haitasomwa tena na kiumbe yeyote?

Mwandishi wa makala haya hajitoi katika lawama hii. Miaka kadhaa iliyopita nilisahihisha insha kuhusu Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyochapishwa mwaka 1971. Swali lilikuwa lile lile la miaka nenda miaka rudi: ni nani wa kulaumiwa kwa masaibu ya Rosa? Wanafunzi karibu wote walimlaumu Zakaria, baba mkali kupita kiasi. Mmoja tu alithubutu kudai kwamba msimulizi, ingawa kwa kauli humlaumu baba, humtazama Rosa kwa jicho lile lile la wanaume wanaomwandama, na hivyo humshirikisha msomaji katika kosa ambalo msomaji anadhani analilaani. Sentensi zake zilikuwa na kasoro nyingi. Nilizizungushia duara zote, nikaandika 'Angalia sarufi', nikampa alama 54.

Mwanafunzi huyo alikuja ofisini. Hakudai kuongezewa alama. Alisema, "Daktari, makosa yangu nimeyaona. Lakini nilichosema kuhusu msimulizi, ni kweli au si kweli?" Nilikosa la kumjibu, kwa maana hoja yenyewe sikuwa nimeisoma, nilikuwa nimeipitia tu nikiwinda makosa.

Nilichostahili kumwandikia hakikuhitaji ukurasa mzima. Kingetosha hiki: 'Hoja yako ni nzito kuliko ushahidi wako. Umetuambia jinsi msimulizi anavyomtazama Rosa, hujatuonyesha. Chagua kifungu kimoja, ukisome neno kwa neno, utueleze ni nani anayetazama na ni nani anayehukumu. Kisha uichunguze ile kesi ya mbinguni mwishoni mwa riwaya: inaitia nguvu hoja yako au inaivunja?' Maoni ya namna hii humwonyesha mwanafunzi kwamba hoja yake imesikika, humwonyesha mahali inapopwaya, na humpa kazi ya kufanya kesho asubuhi. 'Angalia sarufi' haifanyi hata moja kati ya hayo.

Hapa ndipo tunapopaswa kujitazama kwenye kioo. Tangu Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, wasomi wengi wa vyuo vikuu wamejitambulisha kama watetezi wa ushairi huru. Tuliwashutumu wanamapokeo kwa kuupima ushairi kwa vina na mizani, tukidai kwamba mtu anaweza kuhesabu mizani kumi na sita katika kila mshororo asione wazo hata moja. Hoja hiyo tunaifundisha hadi leo. Lakini nyani haoni kundule. Mhadhiri anayehesabu makosa ya upatanisho katika insha bila kuuliza insha inasema nini ana tofauti gani na huyo mhesabu mizani? Tena mwanamapokeo ana udhuru tusiokuwa nao sisi: yeye alirithi pia desturi ya malumbano, ambamo shairi hujibiwa kwa shairi. Malenga aliyetoa fumbo alitarajia mwenzake alifumbue, alipinge au alizidishe. Washairi wa kurasa za magazeti yetu wangali wakifanya hivyo. Mwanafunzi wetu hapewi hata heshima ya kupingwa.

Wapo watakaosema kwamba kosa ni la shule za upili. Ni kweli kwamba mwanafunzi hutujia akiwa amefunzwa kuliweka dondoo katika muktadha wake kwa alama 4: msemaji, msemewa, mahali na sababu. Mtihani wa KCSE, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989, husahihishwa kwa mwongozo mmoja nchini kote, na mwongozo hauna budi kutafuta vitu vinavyohesabika. Lakini chuo kikuu hakina mwongozo huo. Maadamu mhadhiri ndiye mtunzi wa swali na ndiye msahihishaji, anapoendelea kuhesabu vitu vinavyohesabika amejifunga minyororo mwenyewe.

Wengine watatukumbusha wajibu wetu wa kulinda Kiswahili sanifu. Hatuukatai wajibu huo. Sentensi mbovu huificha hoja, na mhakiki asiyeimudu lugha hawezi kuisoma lugha ya wengine. Hata hivyo, mhadhiri anayesahihisha kila kosa katika kurasa kumi amemfanyia mwanafunzi kazi ambayo angepaswa kuifanya mwenyewe. Asahihishe ukurasa mmoja kwa ukamilifu, autaje mtindo wa kosa, kisha amwachie mwanafunzi kurasa tisa zilizobaki. Isitoshe, leo hii zipo programu za kompyuta zinazoweza kumwandikia mwanafunzi insha ambayo sarufi yake haina dosari kubwa na ambayo haina hoja yoyote. Mhadhiri aliyezoea kutuza usafi wa sarufi ataituza insha hiyo kuliko ile ya mwanafunzi wangu. Huko ni kulinda lugha au ni kuiuza?

Pingamizi la tatu ni la wingi wa wanafunzi, nalo si la kupuuzwa. Anayefundisha darasa la wanafunzi 120, akitumia dakika 15 kwa kila insha, ana saa 30 za kusahihisha kabla hajagusa darasa jingine. Lakini tuulize dakika hizo 15 zinakwenda wapi. Ikiwa dakika 10 huishia katika kuzungusha duara, basi saa 20 kati ya zile 30 hutumika kwa kazi ambayo haimbadilishi mwanafunzi. Hatuombi muda wa ziada. Tunaomba muda ule ule utumiwe vingine.

Pendekezo letu ni jepesi kulieleza. Insha irejeshwe na maoni kabla ya kutiwa alama, si baada. Maoni yaanze kwa kuitaja hoja ya mwanafunzi kwa maneno ya mhadhiri. Akishindwa kuitaja, hilo lenyewe ndilo maoni ya kwanza. Yafuatwe na swali moja ambalo mwanafunzi hawezi kulijibu bila kurudi kwenye matini. Naye mwanafunzi aandike aya moja ya kujibu, hata kama ni ya kumpinga mhadhiri wake, ndipo alama itolewe. Idara iliyo na darasa kubwa ianze na insha moja tu kwa muhula. Husemwa kwamba wanafunzi hawasomi maoni yetu. Wayasome kwa nini, wakati tumeyaandika juu ya kaburi la insha?

Kuna pia kosa la upande wa pili, ambalo hujificha nyuma ya upole. Tunaandika 'Vizuri sana' kwenye sura ya tasnifu tunayojua ni dhaifu, kwa kuogopa kumvunja mwanafunzi moyo au kwa kuogopa kuisoma mara ya pili. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mwanafunzi huyo atakutana na mtahini asiyemjua, na swali aliloepushwa nalo kwa miaka miwili ataulizwa mbele ya jopo zima.

Yule mwanafunzi aliyeniuliza kuhusu msimulizi wa Rosa Mistika alimaliza shahada yake ya kwanza. Hakujiunga na uzamili. Sijui sababu zake, wala sidai kwamba insha moja ndiyo iliyomfukuza. Ninachojua ni kwamba hoja yake sijapata kuisoma kwingine ikitetewa hadi mwisho, na kwamba siku alipoileta mezani pangu, mimi nilikuwa nikisahihisha viambishi.