Kimya kingi si lazima kiwe na mshindo

Leo nina jambo la kukiri kwanza, halafu ndipo nitoe maoni yangu.

Mwaka 2019, nikiwa mwaka wa mwisho wa shahada ya sayansi ya tarakilishi, niliandika programu ndogo ya kuhesabu michango ya chama cha mama yangu kule Voi. Ni chama cha kawaida tu, kama vile vilivyojaa kila mtaa wa Kenya: kina mama 24, kila mmoja anatoa shilingi 500 kwa wiki, wanakopeshana wao kwa wao, na Desemba wanagawana. Mweka hazina alikuwa akinakili arafa za malipo kutoka kwenye simu yake na kuzibandika kwenye ukurasa wa programu. Programu ilisoma jina na kiasi, ikajumlisha, na kila mwanachama aliweza kuona hesabu yake mwenyewe. Msimbo wote haukufika mistari elfu mbili. Niliuandika kwa wikendi tatu, nikasifiwa, nikapikiwa pilau.

Kisha nikahitimu, nikapata kazi Nairobi, nikaiacha hapo ilipo.

Sikuisahau, hilo niseme ukweli. Kila baada ya miezi michache niliikumbuka na kujiambia kwamba wikendi ijayo nitaishughulikia. Lakini sikutaka kuigusa kidogo tu. Nilikuwa nimekwisha jifunza mambo mapya kazini, na nilipoutazama msimbo wangu wa chuo niliona aibu. Nikaamua nitauandika wote upya: sura mpya, lugha mpya, pamoja na programu ya simu. Kwa kuwa kazi ya kuandika yote upya haitoshi katika wikendi moja, sikuanza. Na kadiri muda ulivyopita, ndivyo nilivyohisi kwamba nitakaporudi itabidi nirudi na kitu kikubwa zaidi, ili kifidie muda nilionyamaza. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi nilikuwa nauandaa mshindo huo kichwani kwa miaka minne.

Mshindo ulikuja Desemba 2023, ila si ule nilioupanga. Cheti cha usalama cha tovuti kiliisha muda. Vyeti vya bure nilivyokuwa nikitumia vilikuwa vikidumu siku 90, na kuna programu ndogo inayotakiwa kuvihuisha yenyewe. Yangu ilikuwa imekwama, na barua pepe za onyo zilikuwa zikienda kwenye anwani yangu ya chuo ambayo siifungui tena. Kina mama walipofungua ukurasa, simu zikawaonyesha onyo jekundu kwamba tovuti si salama na huenda kuna watu wanaiba habari zao. Hiyo ilikuwa wiki moja kabla ya kugawana. Michango ya mwaka mzima ilikuwa karibu shilingi laki sita. Unaweza kukisia maneno yaliyozunguka mtaani.

Mama alinipigia usiku. Nikafungua kipakatalishi nikidhani ni kazi ya dakika kumi. Ikanichukua usiku tatu. Nywila ya seva sikuikumbuka. Ufunguo wa kuingilia ulikuwa ndani ya tarakilishi niliyokwisha uza. Nilipofanikiwa kuingia, maktaba nilizotumia mwaka 2019 nyingi zilikuwa zimebadilika au zimeachwa, kwa hiyo programu haikukubali kujengwa tena. Wala sikuwa nimeandika popote, hata sentensi moja, jinsi ya kuiwasha.

Usiku wa tatu nilimpigia mweka hazina kumwambia mambo yametengemaa. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaniambia kwa upole: "Usijali mwanangu, hesabu ninayo kwenye daftari. Nilikuuliza mara tatu juu ya yule mwanachama mpya asiyeonekana, nikaona hujibu. Basi tangu Agosti nikarudia kuandika kwa mkono."

Nilirudi kwenye arafa zangu. Ni kweli, ziko tatu. Zote nilizisoma. Sikujibu kwa sababu nilitaka kujibu nikiwa na toleo jipya mkononi.

Basi huo ndio ungamo. Sasa maoni.

Sisi tunaoandika programu tunapenda kusema kwamba miradi yetu hufa kwa kukosa muda. Mimi sikubali tena. Kurekebisha tatizo la yule mwanachama mpya kungenichukua nusu saa. Kilichonizuia ni mambo mawili. La kwanza ni aibu inayokua kadiri unavyokaa kimya, hadi kazi ya nusu saa inaonekana kama deni usiloweza kulilipa. La pili ni kwamba tulikijenga kitu chenyewe kwa namna ambayo kukirudia ni mzigo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndiyo, lakini sisi hujenga nyumba ambayo hata kuufikia ule ufa unahitaji ngazi, na ngazi tumeiuza.

Wala tusidhani hili ni jambo la miradi midogo ya mtaani. Programu huria zinazobeba mtandao wa dunia nzima zina historia hiyo hiyo. Mwaka 2014 ilipogunduliwa hitilafu ya Heartbleed ndani ya OpenSSL, maktaba inayolinda mawasiliano ya tovuti nyingi mno, watu walishangaa kukuta kwamba inatunzwa na watu wachache sana kwa michango kiduchu. Mwaka 2016 mtu mmoja aliondoa kifurushi chake cha left-pad, chenye mistari 11 tu ya msimbo, na miradi mingi duniani ikashindwa kujengwa siku hiyo.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa xz, programu ya kubana mafaili iliyo ndani ya karibu kila Linux. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja, Lasse Collin, bila malipo. Mwaka 2022 watu walimsonga wakilalamika kwamba anachelewa. Alijibu wazi kwamba nguvu zake zimepungua kwa sababu ya matatizo ya muda mrefu ya afya ya akili, na akakumbusha kwamba hii ni kazi ya hiari isiyolipwa. Akajitokeza msaidizi mwenye jina la Jia Tan, mchapakazi na mwenye adabu. Kidogo kidogo akakabidhiwa madaraka. Mwanzoni mwa mwaka 2024 matoleo mawili ya xz yakatoka yakiwa na mlango wa siri wa kuingilia seva za watu. Aliyeokoa jahazi ni Andres Freund, ambaye aliona kwamba kuingia kwenye mashine yake kunachelewa kwa takriban nusu sekunde, akaanza kuchimba, na Machi 29 mwaka huo akautangazia ulimwengu.

Somo ninalolipata hapo ni hili: uchovu wa mtunzaji ni ufa kama ufa mwingine wowote. Tukimsonga aliyechoka badala ya kumpunguzia mzigo, tunamfungulia mlango yeyote atakayebisha.

Na kwetu sisi wa Kiswahili jambo hili lina uzito wa pekee. Mwaka 2004 mradi uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisini zenye menyu za Kiswahili. Watu walikaa wakatafuta maneno ya mambo ambayo hayakuwa na majina. Ilikuwa kazi kubwa na ya kujivunia. Lakini tafsiri ya programu si kama tafsiri ya kitabu. Kitabu ukishakitafsiri kimetafsirika. Programu kila inapotoka toleo jipya huja na menyu mpya, onyo jipya, kitufe kipya. LibreOffice, iliyochipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010, hutoa matoleo makubwa mawili kila mwaka. Maana yake ni kwamba mtafsiri aliyepumzika mwaka mmoja anarudi akiwa nyuma kwa matoleo mawili. Tunahitaji uzinduzi, sikatai, lakini tunahitaji zaidi mtu wa kutafsiri maneno ishirini kila mwezi bila kupigiwa makofi. Haba na haba hujaza kibaba.

Najua kuna atakayeniambia: kwa nini kujisumbua, si kina mama watumie tu huduma ya kampuni kubwa? Wanaweza, na kwa mambo mengi ni busara. Ila makampuni makubwa nayo huchoka. Yahoo ilifunga GeoCities ya Marekani mwaka 2009, na kurasa za mamilioni ya watu zikaondoka nayo. Google ilifunga Google Reader mwaka 2013 ingawa waliokuwa wakiitumia walilia. Tofauti ni kwamba ukimtumia arafa mwenye kampuni kubwa, hata hazisomi.

Kwa hiyo nimefanya nini? Sikuandika toleo jipya kabisa. Nilifanya kinyume chake: nilipunguza. Niliondoa maktaba zote ambazo ningeweza kuishi bila hizo. Data yote sasa iko katika faili moja la SQLite. Niliichagua SQLite kwa sababu ipo tangu mwaka 2000, na wenyewe wamesema wazi kwamba wanakusudia kuitunza hadi mwaka 2050. Nikaandika karatasi moja, upande mmoja, inayoeleza jinsi ya kuiwasha, kuizima na kuchukua nakala ya akiba. Binamu yangu anayesoma chuo cha ufundi pale Voi ana nywila na ana karatasi hiyo. Nilimtaka aizime na kuiwasha mara moja mimi nikimtazama tu, na pale alipokwama nikarekebisha karatasi.

Halafu, kila mwisho wa mwezi programu hutoa hesabu yote kwenye ukurasa mmoja, na mweka hazina huichapisha na kuibandika ndani ya daftari lake. Zamani nililiona lile daftari kama jambo la kizamani ambalo programu yangu imekuja kulimaliza. Siku hizi nalihesabu kama sehemu ya mfumo, tena sehemu imara kuliko zote.

Na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi nina nusu saa ya kazi hiyo. Nusu saa, si zaidi. Saa ikifika nafunga. Mara nyingi nafanya jambo dogo mno: nasasisha kitu kimoja, najibu arafa moja, naangalia kama cheti bado ni kizima. Miezi miwili mwaka huu sikufanya lolote, na mwezi wa tatu sikurudi na mshindo. Nilirudi nikarekebisha herufi moja katika jina la mwanachama.

Jambo la mwisho ndilo lililoniuma. Nilikuwa na miradi mingine minne iliyolala. Niliifunga. Kwenye kila mmoja niliandika kwamba sitautunza tena, tarehe, na mahali pa kuchukua data na msimbo. Wengi tunaogopa kufanya hivyo kwa sababu ni kama kukiri kushindwa. Mimi naona mradi uliozikwa kwa heshima unamsaidia mtu kuliko mradi ulio nusu hai, ambao mtu atautegemea akidhani kuna mwenyewe. Hata Donald Knuth alifanya kitu cha aina hiyo na TeX, programu yake ya kupanga vitabu: aliamua kwamba haitaongezewa mambo mapya, atarekebisha tu hitilafu. Kila marekebisho huongeza tarakimu moja kwenye namba ya toleo ili ikaribie pai. Mwaka 2021 ilikuwa imefika 3.141592653. Amesema akifa namba iwe pai yenyewe, na hitilafu zitakazobaki zisiguswe tena. Programu hiyo ilianza miaka ya 1970, na bado inatumika.

Basi msomaji, kama una kitu ulichokianzisha na ukakiacha, iwe ni programu, kamusi, au tafsiri uliyoifikisha katikati, usingoje upate muda wa kukifanya upya chote. Kifungue leo. Rekebisha herufi moja. Kama kuna mtu alikuandikia ukanyamaza, mjibu, hata kama jibu lenyewe ni "sijapata suluhisho". Na kama kweli umekwisha choka nacho, sema hivyo, ili watu warudi kwenye daftari mapema.

Mwaka jana kina mama waligawana bila kelele. Mweka hazina alinitumia arafa kuniambia kwamba hesabu za programu na za daftari zimelingana mpaka shilingi ya mwisho. Safari hii nilimjibu dakika ile ile.