HISANI NA HESABU

Huko Marekani, bustani za burudani hunadi viti vya safari ya kwanza ya bembea mpya ili kuwasaidia wasiojiweza. Juni 2021 kampuni ya Blue Origin ilinadi kiti katika safari ya kwanza ya roketi yake yenye abiria. Kilinunuliwa kwa dola milioni 28. Mnunuzi hakusafiri siku hiyo. Hata hivyo, Julai ilitangazwa kwamba mashirika 19 yangepewa dola milioni moja kila moja.

Nasi tunaponadi chochote bwaloni kwa ajili ya wajane na mayatima wa wenzetu, hesabu haina budi kubandikwa ubaoni, hadi senti ya mwisho. Askari aliyetoa kwa hiari ana haki ya kujua mchango wake umemfikia nani.