Usiuze ng'ombe kwa ajili ya herufi za 4WD

Ndugu mkulima, nawe mfanyabiashara wa gulioni, muuzaji atakuonyesha picha ya gari dogo la juu likipasua tope na kukwambia hakuna njia inayolishinda. Usikubali. Gari kuwa juu si kuwa gari la shamba.

Chukua RAV4 za mwaka 2000 hadi 2005. Zenye injini ya cc 1,800, ambazo namba ya chesisi huanza na ZCA25 au ZCA26, huvuta kwa matairi ya mbele tu. Hata zile zenye 4WD hazina gia ya lo, ile inayopunguza mwendo na kuongeza nguvu. Nissan X-Trail T30 nayo haina; kitufe cha LOCK si gia hiyo.

Udongo mweusi wa kando ya Mto Mara ukilowa masika, hujaza meno ya tairi, na tumbo la gari hukaa chini. Hapo ndipo maksai huitwa.

Suzuki Jimny ina lo, lakini itabeba magunia mangapi?

Kabla ya kulipa, inama uvunguni. Usipoona shafti inayokwenda kwenye difu ya nyuma, gari hilo ni la kuvuta mbele tu. Kisha jiulize unapita wapi. Kama ni barabara ya changarawe, litakufaa. Kama ni kutoa mahindi shambani mwezi Aprili, bakiza ng'ombe wako, na magunia yafike barabarani kabla ya mvua.